Msaidizi wa Masoko si Mpiga Debe

Mtu akipita katika mitaa ya maduka ya mjini Unguja, kuanzia Darajani mpaka Mlandege na Mwanakwerekwe, au akiwa Pemba katika miji ya Chake Chake na Wete, huenda akakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka la vipuri vya gari, au spea kama tulivyozoea kuviita. Maneno yake aghalabu huwa ni haya: "Anahitajika msaidizi wa masoko. Awe kijana, mchangamfu, msemaji mzuri, mwenye simu ya kupigia picha. Mshahara maelewano."

Sisi tumelisoma tangazo la namna hiyo mara nyingi, na hatuna ugomvi na tajiri wa duka anayetafuta mtu wa kumsaidia kazi. Kinyume chake, tunafurahi kila kijana mmoja wa visiwa hivi anapopata pa kuchumia riziki yake. Linalotutia wasiwasi ni yale ambayo tangazo limeyanyamazia. Halikuuliza kama kijana huyo anaijua pedi ya breki akiiona, wala kama amewahi kutia mguu katika gereji. Uaminifu haukutajwa, mkataba haukutajwa. Limetaka ulimi na simu, basi. Kwa maneno mengine, tajiri ametangaza kuwa anataka msaidizi wa masoko, lakini anachokitafuta ni mpiga debe.

Yapo mambo ambayo mtu anaweza kuyauza kwa kupiga debe na asidhurike mtu. Muuza machungwa akisema machungwa yake ni matamu kuliko asali, mnunuzi atamenya moja, aonje, na shauri likatike papo hapo. Spea ya gari haionjwi. Mnunuzi huichukua katika boksi lililofungwa, humkabidhi fundi, fundi huifunga chini ya gari mahali pasipoonekana, na ukweli wake hudhihirika siku ile gari limejaa abiria na barabara inateremka. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba kuajiriwa kwa msaidizi mmoja wa masoko katika duka la spea si siri ya tajiri na kijana wake peke yao. Ni jambo linalowahusu wananchi wote, na kwa hivyo linaihusu Serikali.

Tuanze na hali yetu wenyewe. Visiwa vyetu havitengenezi gari. Kila gari linalotembea hapa, liwe la abiria, la mizigo, la wagonjwa au la ofisi, limeletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Mengi yao yametumika kwanza Japani kwa miaka kadha wa kadha kabla ya kufika kwetu, na mengine hupitia Dubai. Gari la namna hiyo likishuka bandarini huwa limekwisha kula sehemu kubwa ya umri wake, na maisha yaliyobaki huyaishi kwa spea. Juu ya hayo, sisi ni watu wa pwani. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi haina urafiki na chuma. Mtu wa bara anaweza kumaliza miaka mingi bila ya kushughulika na bomba la breki lililoliwa na kutu, lakini dereva wa Nungwi au Makunduchi hana bahati hiyo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar. Wengi wao hawana gari, na huenda wakadhani mazungumzo haya si yao. Lakini samaki wanaotoka Mkokotoni kuja mjini hupanda gari. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku hupandishwa gari. Watoto wa skuli hupanda daladala. Maskini asiyekuwa na hata baiskeli huyatia maisha yake katika mikono ya dereva, na dereva huyatia yake katika spea aliyouziwa. Na aliyeuza ni nani? Ni kijana yule wa tangazo la mlangoni.

Ili tuelewane vizuri, iko haja ya kueleza aina za spea zilizoko sokoni, kwani hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Aina ya kwanza ni zile zinazotoka katika boksi lenye jina la kampuni iliyotengeneza gari lenyewe, nazo wafanya biashara huziita jenuini. Aina ya pili ni zile zilizotengenezwa na kampuni nyengine kwa jina lake yenyewe. Watu wengi hudhani kuwa aina hii ya pili yote ni duni. Hilo si kweli. Makampuni ya magari hayatengenezi kila kitu wenyewe. Denso, iliyojitenga na Toyota mwaka 1949, hutengeneza vifaa vya umeme na vyenginevyo vinavyofungwa katika magari mapya kiwandani. NGK ya Japani imekuwa ikijulikana kwa plagi tangu mwaka 1936. Bosch ya Ujerumani ilianza katika karakana ndogo ya Stuttgart mwaka 1886. Mnunuzi aliyepata plagi au shokapu ya kampuni yenye sifa kama hizo hakupunjwa hata kidogo, na pengine ameokoa fedha zake.

Aina ya tatu ni mitumba, yaani spea zilizofunguliwa katika magari makuukuu. Hizo nazo zina mahali pake, maadamu muuzaji anasema kuwa ni mitumba na mnunuzi anajua anachonunua. Mlango uliotumika haumwui mtu. Lakini boljointi iliyotumika, ambayo hapana ajuaye imebakiwa na umri gani, ni jambo jengine kabisa.

Aina ya nne ndiyo adui. Hizo ni spea bandia, zilizotiwa katika boksi lililoigwa rangi, herufi na hata alama ya kampuni yenye sifa. Pedi ya breki ya haki ni bamba la chuma lililogandishwa juu yake mchanganyiko maalumu unaostahamili moto na msuguano. Iliyo bandia huweza kufanana nayo kwa macho, lakini mchanganyiko wake hauna nguvu ya kushika, au ukishapata moto humeguka ukabanduka kwenye bamba. Filta ya oili ya haki ina karatasi ya kuchuja iliyopimwa, na vali ndogo inayofunguka karatasi ikiziba ili injini isikose mafuta. Iliyo bandia huenda ikawa na karatasi mbovu na vali isiyofanya kazi, na mwenye gari hatajua mpaka siku ya kuja kuomba injini nyengine.

Sasa nani atakayezitenga aina hizi nne mbele ya mnunuzi? Mnunuzi mwenyewe hawezi. Fundi anaweza, lakini mara nyingi huletewa spea ikiwa imekwisha kununuliwa. Aliyebaki ni mtu wa dukani. Na kazi yake haiishii katika kutenga bandia na halisi, kwani hata spea halisi ikifungwa pasipo pake huwa ni hasara. Toyota Hiace mbili zilizosimama pamoja, zenye rangi moja na sura moja, zinaweza kuwa na injini mbalimbali. Pistoni ya injini ya 2L ina upana wa milimita 92, na ya 3L ina milimita 96. Asiyejua kusoma kibati cha gari, kinachoonyesha aina ya gari, injini na namba ya chesesi, atauza kwa kubahatisha. Anayebahatisha leo atarejeshewa bidhaa kesho, na kesho kutwa atakimbiwa na washitiri.

Wahenga wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapo wenye maduka wanaoitumia methali hii kuonyesha kuwa mtu wa masoko hana haja, kwa kuwa spea nzuri itajiuza yenyewe. Sisi tunawaambia kwamba methali ni ya kweli pale kizuri kinapoonekana. Spea nzuri iliyofungwa katika boksi, pembeni mwa bandia iliyofungwa katika boksi linalofanana nalo na kuuzwa nusu ya bei, haiwezi kujiuza. Inahitaji mtu mwenye elimu na heshima wa kusimama akasema: hii ni nzuri kwa sababu hizi, na ile usiichukue kwa sababu hizi. Huyo ndiye msaidizi wa masoko tunayemtaka.

Tena kazi yake ni pana kuliko kusimama kaunta. Msaidizi wa kweli huweka daftari la vitu vilivyoulizwa na havikuwapo, maana kila mnunuzi aliyeondoka mikono mitupu ni habari yenye thamani. Huzizungukia gereji akawauliza mafundi ni vitu gani vinavyokufa upesi katika barabara zetu. Huyajua magari yanayoingia na yanayotoka katika matumizi. Halafu huja kwa tajiri wake akamwambia agize nini na asiagize nini. Tuseme tajiri ameleta seti 200 za pedi za aina ya gari ambalo limebaki katika visiwa vyote magari 30 tu. Fedha yake imekwisha kuzikwa rafuni, na hapana mpiga debe atakayeifufua. Bidhaa ya kontena hungojewa kwa wiki nyingi, na aliyekosea kuagiza hana njia ya kurudi nyuma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya kuieleza kazi hiyo, na tutazame namna watu wanavyoajiriwa kuifanya. Aghalabu kazi hupewa mtoto wa ndugu au wa jirani. Hatusemi kuwa kumsaidia jamaa ni dhambi. Huo ni utu wetu na hatutaki uondoke. Tunasema kuwa undugu hautafsiri namba ya chesesi. Akikosekana jamaa hutafutwa kijana wa njiani, akaambiwa hatapewa mshahara, bali atapata fungu dogo katika kila anachokiuza. Hapana karatasi iliyoandikwa, hapana siku ya mapumziko iliyotajwa, wala hapana mchango wowote uliopelekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Akiugua, kazi imekwisha.

Ndugu wafanya biashara, lifikirini jambo hili kwa makini. Kijana ambaye chakula chake cha usiku kinategemea kama atauza au hatauza, mmemweka katika mtihani mgumu. Mbele yake yuko dereva mwenye fedha kidogo anayetaka pedi. Akimwambia ukweli, kwamba hizi za bei ndogo hazifai, dereva ataondoka na kijana atalala na njaa. Akisema uongo atapata fungu lake. Mnamtaka awe mwaminifu kila siku kwa gharama yake mwenyewe, na nyinyi mnaipokea faida. Wachache wataushinda mtihani huo. Walio wengi watashindwa, na lawama haitakuwa yao peke yao.

Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 na sheria ya mwaka 1998 iliyouanzisha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar hazikutungwa kwa ajili ya ofisi za Serikali na mahoteli peke yake. Kijana wa duka la spea naye ni mfanyakazi. Tunapendekeza apewe mshahara wa kueleweka, japo mdogo, ulioandikwa katika mkataba aliousoma na kuufahamu. Kama tajiri anataka kumtia hima, na ampe bakhshishi, lakini bakhshishi hiyo isihesabiwe kwa wingi wa vitu vilivyotoka dukani. Ihesabiwe kwa vitu vilivyotoka na visirejeshwe katika muda wa miezi mitatu. Hapo faida ya kijana, ya tajiri na ya mnunuzi zitakuwa zimefungwa katika kamba moja.

Huenda tukaulizwa: basi tumwajiri vipi? Jibu letu si gumu. Siku ya usaili, tajiri na aache maswali ya umechangamka kiasi gani. Aweke juu ya meza spea tano, mbili katika hizo ziwe mbovu au za bandia, amwulize kijana kila moja inafanya kazi gani katika gari na ipi asingekubali kumwuzia baba yake. Ampeleke nje penye gari lililosimama, amwambie asome kibati. Ampe kalamu, aandike tangazo la maneno machache kwa Kiswahili safi, la kweli, lisilokuwa na chumvi. Kisha ampeleke akae siku nzima na fundi katika gereji, na jioni amwulize fundi, si kijana, mambo yalikwendaje. Asiyejua lakini akasema "sijui, nitauliza" na apewe nafasi, kwani huyo anafundishika. Ajuaye kila kitu tangu siku ya kwanza na aogopwe.

Na mlango usifunguliwe upande mmoja. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vimekuwa vikifundisha vijana wetu ufundi, na si kila aliyejifunza ufundi wa gari lazima amalize umri wake chini ya gari. Mmoja wao mwenye kauli nzuri na hati nzuri anaweza kuwa mtu wa masoko bora kuliko msomi wa biashara asiyejua klachi iko wapi. Kadhalika wasichana. Imekaa katika vichwa vya watu kuwa duka la spea ni mahali pa wanaume. Hatuoni sababu. Kuweka daftari, kusoma orodha ya namba za spea, na kumweleza mnunuzi kwa upole si kazi zinazohitaji ndevu. Vilevile tungependa kumwona kijana wa Pemba akiajiriwa Pemba, katika duka la Chake Chake lenye mtu anayeijua kazi, badala ya wenye magari wa huko kungoja kila kitu kivuke bahari kutoka Unguja au kitafutwe Kariakoo na Gerezani ya Dar es Salaam.

Wapo watakaotujibu kuwa duka lao ni dogo na haliwezi kubeba mshahara wa mtu wa namna hiyo. Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Lakini maduka mawili au matatu yaliyo jirani, yanayouza spea za aina mbalimbali, yanaweza kushirikiana kumlipa mtu mmoja wa kuzungukia gereji na kuleta habari za soko. Ushirikiano si jambo geni kwetu. Wengine watasema: nikimfundisha ataondoka, au atafungua duka mbele ya langu. Ni kweli kwamba anaweza kuondoka. Lakini na waulizwe matajiri wenyewe wa leo, ni wangapi kati yao walioanza kwa kufagia na kubeba mizigo katika duka la mtu mwengine. Aliyefundishwa na wewe akaheshimiwa na wewe, hata akiondoka, hubaki kuwa rafiki wa biashara yako. Aliyedhulumiwa huondoka na washitiri wako.

Sasa tunaugeukia upande wa Serikali, na hapa tunaomba tusikilizwe bila ya hasira. Serikali ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa spea. Wizara, mashirika na halmashauri zina magari, na magari hayo hutengenezwa kwa fedha za wananchi. Wenye maduka hutunong'oneza, na kila mtu mjini anaijua lugha hiyo, kwamba katika baadhi ya manunuzi kazi ya msaidizi wa masoko si kueleza ubora wa bidhaa. Kazi yake ni kumfahamu afisa anayetia saini, kujua anapenda nini, na kumpelekea bahasha yake. Bei huandikwa kubwa kuliko ile ya dukani, tofauti hugawanywa, na pengine spea yenyewe huwa ni bandia iliyoandikiwa risiti ya halisi. Kijana aliyetoka skuli na matumaini yake hufundishwa katika mwezi wa kwanza kuwa huo ndio uuzaji.

Hilo si soko. Hiyo ni rushwa, nasi tunaliita kwa jina lake. Afisa anayepokea bahasha hiyo afahamu kwamba katika gari lile lile atapanda dereva wa Serikali mwenye watoto, atapanda mkunga, na pengine siku moja atapanda yeye mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao. Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2012, isitazame mikataba ya majumba na barabara peke yake. Itazame pia vitabu vya matengenezo ya magari. Na wakuu wa idara wanaweza kuanza kesho asubuhi bila ya kungoja mtu: spea ya zamani irejeshwe stoo kila inapofungwa mpya, boksi lihifadhiwe pamoja na risiti, na bei ilinganishwe na maduka mengine yasiyopungua mawili.

Taasisi ya Viwango Zanzibar nayo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina dhamana kubwa. Wananchi wamezoea kusikia juu ya mchele na mafuta ya kula yaliyoharibika, na ni haki kabisa chakula kitangulizwe. Lakini pedi ya breki mbovu huua kama chakula kibovu, na huua wengi kwa mara moja. Tunaomba mambo yanayogusa uhai moja kwa moja, yaani breki, usukani na matairi, yawekwe katika orodha ya mwanzo ya ukaguzi bandarini, na majina ya bidhaa bandia zilizokamatwa yatangazwe hadharani ili msaidizi wa masoko aliye mkweli apate ushahidi wa kumwonyesha mnunuzi wake.

Kwa upande wa elimu, tunapendekeza vituo vya mafunzo ya amali viandae masomo mafupi ya jioni kwa wauza spea. Wafundishwe kuzitambua spea, kusoma kibati na orodha za namba, kuweka hisabu na daftari la bidhaa, na kuandika tangazo la kweli. Fundi, karani na mfanya biashara mzoefu washirikiane kufundisha. Anayemaliza apewe cheti, na wenye maduka wakiheshimu cheti hicho. Gharama yake haiwezi kufananishwa na hasara ya gari moja la abiria lililopinduka.

Wananchi nao hatuwezi kuwaacha bila ya neno. Anayeingia dukani akasema "nipe ya rahisi kabisa" bila ya kuuliza imetengenezwa na nani, amelifungulia mlango lile analolilalamikia. Mnunuzi na achukue spea ya zamani ailinganishe na mpya. Aulize jina la kampuni. Adai risiti iliyoandikwa jina la kitu na aina yake, si "spea" tu. Na akimpata kijana aliyemwambia "hii usinunue, ingojee nzuri", basi amshukuru, amrudie, na amsifu kwa tajiri wake. Ukweli nao unahitaji washitiri.

Kuna somo moja ambalo sisi watu wa visiwa hivi tunalijua kuliko wengi. Jina la Zanzibar lilitangaa duniani kwa karafuu. Lakini karafuu hazikupata jina kwa kupigiwa debe. Mkulima alichambua, akatenga makonyo, akaanika mpaka zikakauka sawasawa. Vituoni zikakaguliwa ukavu na usafi wake, zikapangwa daraja, na kila daraja ikapewa bei yake. Aliyechanganya makonyo au akazitia maji ili zizidi uzito alihesabiwa kuwa adui wa wote, kwani gunia moja bovu lingeliharibu jina la visiwa vizima. Mizani ile ile ya karafuu ndiyo tunayoitaka sasa katika duka la spea: kila kitu kitajwe daraja lake, na mwenye kulitaja awe mtu aliyefundishwa, aliyelipwa, na asiyeogopa kusema kweli.

Na kwa kuwa tumewakosoa wengine, insafu inataka tujitazame na sisi. Magazeti huishi kwa matangazo. Neno "orijino" limechapishwa mara nyingi katika kurasa za magazeti bila ya mtu kuuliza ni orijino ya nani. Tunakiri kuwa sisi wa magazeti tulipaswa kuuliza. Anayetuletea tangazo la spea na awe tayari kututajia jina la mtengenezaji, na asiyekuwa tayari, nafasi yake tutampa mwengine.

Tunamalizia kwa kurejea katika ile karatasi ya mlangoni. Tungependa siku moja tuione imeandikwa hivi: "Anahitajika msaidizi wa masoko, mwanamume au mwanamke. Awe anazijua spea au yu tayari kufundishwa. Ajue kuweka daftari na kuandika Kiswahili safi. Awe na moyo wa kumwambia mnunuzi ukweli hata ikiwa mauzo yatapungua siku hiyo. Mshahara umeandikwa katika mkataba, na michango ya hifadhi ya jamii italipwa." Tajiri wa kwanza atakayetuletea tangazo la maneno hayo, sisi tutalichapisha katika ukurasa wa mbele, na hatutamtoza hata senti moja.